Re: Nataka kufungua kampuni huku Ujerumani, nianzie wapi?

Dada wa Leipzig aliandika:

Wapendwa, habari za majukumu. Wakubwa shikamooni.

Nina Blue Card, kibali cha ukaazi cha wataalamu walioajiriwa, nafanya kazi ya uhandisi hapa Leipzig. Kaka yangu yuko Moshi, anajuana vizuri na wakulima wa kahawa, na tumekubaliana mimi niuze kahawa ya Kilimanjaro huku, kwanza mtandaoni na kwenye masoko ya wikiendi. Mwenzangu kazini ananiambia nifungue UG, ile kampuni ndogo ambayo deni lake haligusi mali ya mwenyewe, ati mtaji euro 1 tu. Nimeshapata hata miadi ya Notar, mwanasheria anayethibitisha hati za kampuni. Aliyepita njia hii anielekeze: UG au GmbH, kampuni ya aina hiyohiyo yenye mtaji mkubwa? Na je, nianze na jina au na akaunti ya benki?

Kutoka Hamburg:

Marahaba mdogo wangu. Ahirisha hiyo miadi ya Notar. Biashara endelea nayo, Notar ndiye asubiri.

UG au GmbH ndilo swali ambalo kila mtu huanza nalo, na kwa maoni yangu ni la mwisho. La kwanza liko kwenye pochi yako. Toa kadi yako ya ukaazi pamoja na ile karatasi inayoambatana nayo, usome wameandika nini kuhusu kazi. Blue Card ulipewa kwa sababu ya ajira, haikupi ruhusa ya kujiajiri. Wapo waliosajili biashara vizuri kabisa, karani wa Gewerbeamt, ofisi ya kusajili biashara, akapokea ada na kugonga muhuri, kumbe ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, haijui lolote. Muhuri wa Gewerbeamt haukulindi kwa Ausländerbehörde. Na usidanganyike kwamba ukiwa mkurugenzi wa kampuni yako mwenyewe basi wewe ni mwajiriwa. Mwenye hisa nyingi anayeendesha kampuni anahesabiwa amejiajiri.

Njia ipo. Sheria ya ukaazi, kifungu cha 21, ina aya ya 6 inayomruhusu mtu mwenye kibali cha shughuli nyingine afanye pia biashara yake bila kupoteza kile kibali. Andika barua ya ukurasa mmoja au miwili: unauza nini, kwa saa ngapi kwa wiki, mtaji unatoka wapi, na kwamba kazi yako ya uhandisi inabaki palepale. Ambatisha barua ya mwajiri kwamba hana pingamizi, maana hata mkataba wako wa kazi huenda unakudai umjulishe. Wenye Niederlassungserlaubnis, kibali cha ukaazi wa kudumu, hawana shida hii, wanafanya biashara kwa uhuru, na waliokuja kwa ndoa mara nyingi ni hivyo hivyo. Anayetaka kuja kutoka nyumbani moja kwa moja kama mfanyabiashara naye anapitia kifungu hicho cha 21, ila kwake mlima ni mrefu: aonyeshe kwamba biashara ina manufaa kwa uchumi wa huku na fedha zipo, na akiwa amepita miaka 45 aonyeshe pia atakula nini uzeeni.

Ukishapata ruhusa, anza na Gewerbe ya kawaida, yaani biashara ya mtu binafsi, kwa jina lako. Fomu moja, ada ndogo ya makumi ya euro kutegemea mji, umemaliza. Kisha Finanzamt, ofisi ya kodi, wanataka dodoso lao kupitia tovuti yao ya ELSTER ndani ya mwezi mmoja tangu uanze. Jisajili ELSTER mapema, kwa sababu namba ya kuwezesha akaunti inakuja kwa posta, kwa bahasha, katika karne hii.

Kwenye dodoso hilo kuna mahali unapokadiria faida ya mwaka wa kwanza. Hapo ndipo Waswahili tunapojisifu. Ukiandika namba kubwa, Finanzamt wanakuamini na kukutoza kodi ya mapato mapema kila robo mwaka: tarehe 10 Machi, 10 Juni, 10 Septemba na 10 Desemba, kabla hujauza hata gramu. Andika unachokiamini kweli. Kwenye VAT unaweza kuomba kuwa Kleinunternehmer, mfanyabiashara mdogo, mradi mauzo ya mwaka uliotangulia hayakuzidi euro 25,000 na ya mwaka huu hayavuki 100,000. Hutozi VAT, lakini pia hurudishiwi ile uliyolipa bandarini, kwa hiyo piga hesabu kwanza.

Sasa kahawa yenyewe, na hapa nisikilize kwa makini. Ujerumani ina kodi ya kahawa peke yake, Kaffeesteuer, euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa. Buni haitozwi. Ukileta gunia la kilo 60 za buni ukalipeleka kwa mkaangaji wa huku mwenye kibali cha Zoll, yaani forodha, litatoka kama kilo 50 baada ya maji kupotea motoni, na kodi yake ni karibu euro 110. Yeye ndiye anayemalizana na Zoll, wewe unaiona kwenye ankara yake. Kaka yako akitaka kukaanga hukohuko Moshi, jambo ambalo mimi nalipenda kwa sababu hela inabaki nyumbani, basi kodi hiyo unailipa wewe mzigo unapoingia, pamoja na VAT ya asilimia 7. Ushuru wa forodha kwa kahawa iliyokaangwa ni asilimia 7.5, ila Tanzania imesamehewa kwa mpango wa Ulaya wa nchi maskini zaidi, mradi karatasi za asili ya bidhaa ziwe sawasawa. Karatasi zikikosewa, unalipa.

Na tafadhali, msianze mchezo wa kujaza kahawa kwenye mabegi ya watu wanaotoka likizo. Ukishaleta kwa ajili ya kuuza ni mzigo wa biashara hata kama ni kilo tano, unatangazwa Zoll, na unahitaji namba ya EORI, utambulisho wako wa forodha. Upande wa Moshi pia, mwambie kaka aende Bodi ya Kahawa akaulize leseni ya kuuza nje kabla hajalipa mkulima.

Vitu vidogo vinavyoumiza: pakiti zako lazima zisajiliwe LUCID, daftari la vifungashio, hata ukiuza pakiti kumi. Lebo iwe kwa Kijerumani, na anwani yako juu yake. Duka la mtandaoni liwe na Impressum kamili, yaani ukurasa wa jina na anwani ya mwenye duka, vinginevyo kuna mawakili wanaoishi kwa kutuma barua za madai kwa waliosahau. Na ukipima kahawa mbele ya mteja sokoni, mizani iwe na alama ya ukaguzi. Ile ya jikoni iache jikoni.

Kutoka Bremen:

Naheshimu aliyosema mkubwa wa Hamburg, lakini mimi nipo upande wa UG kwa bidhaa ya chakula. Kisheria, anayeingiza bidhaa kutoka nje ya Ulaya anahesabiwa kama ndiye aliyeitengeneza. Mteja akipata madhara hatamtafuta mkulima wa Kibosho, atamtafuta dada yetu. Kwa Gewerbe ya jina lake, mshahara wake na akiba yake yote viko mezani. UG inaweka ukuta.

Kutoka Köln:

Samahani kuchomekea, ila kuna dada zetu wanasoma hapa wanataka kufungua saluni. Kinyozi na msusi huku si Gewerbe ya fomu moja. Ufundi wa Friseur unadai cheti cha Meister, yaani fundi mkuu, wewe mwenyewe uwe nacho au umwajiri mwenye nacho. Kukata, kupaka rangi na dawa za nywele bila Meister hairuhusiwi, hakuna mjadala. Kusuka tu ndiko watu wanakobishana, kwa hiyo eleza huduma zako kwa maandishi, uwapelekee Handwerkskammer, chemba ya mafundi, ya mji wako, nao wakujibu kwa maandishi, kabla hujasaini pango la duka. Mikataba ya maduka ni ya miaka, mitatu au mitano, na hairuhusu kutoka kirahisi kama nyumba ya kuishi. Nimeona mtu analipa chumba kitupu chenye vioo vipya.

Dada wa Leipzig aliandika:

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Miadi nimeisogeza. Lakini kaka yangu anataka naye awe mmiliki, nusu kwa nusu, si msaidizi. Kwa Gewerbe ya jina langu inawezekanaje?

Kutoka Hamburg:

Hapo sasa umeleta jambo jingine, na ungelitaja mwanzo. Mkikubaliana kufanya biashara pamoja na kugawana faida, hata kwa WhatsApp, mbele ya sheria ya huku mmeshaunda GbR, ubia wa kawaida, na kila mmoja anadaiwa madeni yote, si nusu. Kaka akikopa kwa jina la biashara, mdai anaweza kubisha Leipzig. Kwa hiyo kuna njia mbili. Ya kwanza, kaka awe muuzaji wako: yeye ana biashara yake Tanzania, wewe yako, mnauziana kwa ankara na mkataba. Mimi ningeanza hivyo kwa mizigo ya kwanza. Ya pili ni UG mkiwa wawili, na hapo Bremen ana hoja. Ila ndugu yangu wa Bremen, ukuta wa euro 1 ni wa karatasi. Ankara ya kwanza ya Notar tu inaizidi, na mkurugenzi asipotangaza ufilisi kwa wakati anadaiwa yeye binafsi. Wekeni angalau elfu chache za euro, na bima ya dhima ya biashara iwepo kwa njia yoyote mtakayochagua. Ukuta bila bima siutaki.

Mkiamua UG, kwa Musterprotokoll, hati ya mfano iliyowekwa na sheria, mnaruhusiwa wenye hisa hadi watatu na mkurugenzi mmoja. Kaka haji huku: anampa mtu uwezo wa kumwakilisha, sahihi yake inathibitishwa ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam, karatasi asilia inatumwa. Notar atasoma hati nzima kwa sauti, kila neno, kwa kasi ya mtangazaji wa mpira. Kama Kijerumani chako cha kisheria hakitoshi, sema mapema aletwe mkalimani, na usione haya. Robo ya faida ya kila mwaka inabaki kwenye kampuni kama akiba mpaka mtaji wa kampuni upandishwe kufikia euro 25,000. GmbH inataka hizo 25,000 tangu mwanzo, nusu yake ikiwa imeshalipwa wakati wa kusajili.

Jina likishatokea Handelsregister, daftari la kampuni, ndani ya wiki utapokea barua zenye nembo ya tai na kiasi cha euro mia kadhaa, ati ada ya usajili. Nyingi ni matapeli wanaosoma daftari hilo kila siku. Ankara halali inatoka mahakama inayotunza daftari au ofisi ya malipo ya jimbo. Mwonyeshe Notar wako barua hiyo, au mpigie simu, kabla ya kulipa.

Na mkichoka, UG haifungwi siku moja. Mnatangaza, mnasubiri mwaka mzima wadai wajitokeze, na muda wote huo mhasibu analipwa. Gewerbe ya jina lako unaifuta kwa fomu.

Tuma rasimu ya barua ya Ausländerbehörde kwangu faragha, niipitie kabla hujaipeleka.