Mwani darasani Nairobi: viputo vinatoka hata gizani, na kiashiria hakibadiliki rangi

Mwl_Embakasi

Habari za jioni wakuu. Klabu ya sayansi inaandaa onyesho la usanisinuru kwa kutumia mwani wa baharini. Mwani wenyewe ni ule wa kijani mwembamba, Ulva, umekuja na basi la usiku kutoka Mombasa ukiwa ndani ya jerikeni la lita 20 la maji ya bahari. Shida ni tatu. Viputo vinatokea kwenye chupa ya mwangani na pia kwenye ile iliyofungwa foili. Kiashiria chetu, bromothaimoli bluu, ni buluu mwanzo hadi mwisho, hakisogei. Na kufikia siku ya tatu mwani unapauka, maji yananuka. Halafu vijana wanataka kuandika kwenye bango kwamba bahari inatupa nusu ya oksijeni tunayovuta. Ni sawa? Na je, niagize nyasi bahari badala ya Ulva?

Kemia_Ngara

Mwalimu, viputo vya gizani si vya mwani, ni vya maji yenyewe. Maji hayo yalishiba hewa yakiwa usawa wa bahari. Huku kwetu, mita 1,700 na zaidi juu, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa, kwa hiyo maji hayawezi kushikilia hewa yote yaliyokuja nayo. Usiku wa baridi yanaivumilia, lakini taa ikiyapasha joto kidogo hewa inaanza kutoka, nayo hukusanyika popote penye uso wa kushikia, pamoja na kwenye jani. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi, weka chupa ya tatu yenye kipande cha plastiki kilichokatwa ukubwa wa jani la Ulva. Nacho kitaota viputo.

Dawa yake ni rahisi. Mimina maji kwenye ndoo pana, tia pampu ya hewa ya tangi la samaki, acha ipige usiku kucha katika chumba hicho hicho cha jaribio. Asubuhi hewa ya ziada itakuwa imeondoka. Kama huwa mnajaribu gesi kwa kijiti chenye kaa la moto, ambacho hutakiwa kuwaka kikikuta oksijeni, hii ndiyo sababu hakiwaki: sehemu kubwa ya mlichokusanya ni naitrojeni.

Kuhusu kiashiria, bromothaimoli bluu hubadilika kati ya pH (kipimo cha asidi na alkali) 6.0 na 7.6. Maji ya bahari yana pH karibu 8.1, na mwani ukinyonya kaboni dioksidi pH inapanda zaidi. Kwa hiyo mnaanza tayari mkiwa ng'ambo ya kiashiria. Kile kinachofaa kiko kabatini mwenu: fenolftalini, ambayo huanza kugeuka waridi kwenye 8.2 au 8.3 hivi.

Fanya hivi. Jaza chupa mbili za lita moja hadi juu kabisa, kila moja na gramu 5 za Ulva iliyokaushwa maji kwa kitambaa kabla ya kupimwa. Funga kifuniko bila kuacha hewa. Moja funga foili. Ziweke sentimita 15 hadi 20 kutoka kwa taa ya LED ya wati 10 hadi 20. Baada ya saa tatu vuta mililita 10 kwa sindano isiyo na ncha, tia kwenye testitubu, dondoshea matone mawili ya fenolftalini. Ya mwangani itakuwa waridi iliyokolea, ya gizani itabaki bila rangi. Linganisha zote na sampuli uliyochota kabla ya kuanza, maana hata hiyo inaweza kuwa na waridi hafifu.

Usidondoshe kiashiria ndani ya chupa, kimeyeyushwa katika spiriti na mwani hautapenda. Na pampu isiwe ikifanya kazi wakati wa jaribio, la sivyo inarudisha kaboni dioksidi na rangi haiji.

Tangi_SouthB

Kuoza kunaanzia safarini. Mwani ndani ya jerikeni lililofungwa, gizani, saa nane au zaidi, unamaliza oksijeni ya maji na kujisonga. Mwambie anayetuma aukamue kidogo, auzungushie gazeti lililoloweshwa maji ya bahari, autie kwenye mfuko usiokazwa, ndani ya boksi la kuhifadhi baridi bila barafu kugusa majani. Maji yasafiri peke yake.

Ukifika, gramu 1 au 2 kwa lita inatosha kwa kutunza (zile gramu 5 za Kemia ni za saa chache tu). Hewa ipige muda wote, mwanga uwake kwa muda wa saa 12 kwa siku, na kila siku toa kipande chochote kilichopauka. Upaukaji mara nyingi ni Ulva kumwaga seli zake za uzazi: ukingo wa jani unageuka mweupe na maji yanakuwa ya kijani kibichi. Hutokea sana ukiushtua kwa mabadiliko ya ghafla ya joto au chumvi. Mwezi wa Julai darasa linaweza kushuka chini ya nyuzi 15 usiku, kwa hiyo weka hita ya tangi kwenye 24.

Viputo vikikoma katikati ya onyesho, kaboni imeisha majini. Ongeza gramu 0.2 za soda ya kuokea kwa lita. Soda ya kuokea, tafadhali, si magadi. Magadi yana kaboneti nyingi, yatarusha pH juu na kalsiamu itaganda iwe ukungu mweupe.

Bahari_Ngong

Bango lisahihishwe kabla halijachapishwa. Kweli ni hii: karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia hufanyika baharini. Wanaoufanya zaidi si mwani wa Mombasa wala nyasi bahari, ni fitoplanktoni, viumbe wa seli moja wanaoelea kwenye tabaka lenye mwanga. Prochlorococcus, aliyegunduliwa miaka ya 1980, ana upana wa sehemu kama 0.6 ya elfu moja ya milimita, na si mmea bali ni bakteria.

Lakini oksijeni hiyo karibu yote hutumika huko huko, viumbe wa bahari wakila hiyo fitoplanktoni na bakteria wakiiozesha. Kinachobaki kwa mwaka ni kidogo sana. Oksijeni tunayovuta ilijengeka kwa mamilioni mengi ya miaka, kwa sababu kaboni kidogo ilizikwa kwenye tope bila kuoza. Waandike: "Karibu nusu ya usanisinuru wa dunia hufanyika baharini." Hapo hakuna wa kuwakosoa.

Wavuvi wa kaskazini mwa pwani yetu wanaona kazi hiyo kwa macho yao. Msimu wa kaskazi mkondo kutoka Somalia unateremka, unakutana na ule wa Afrika Mashariki unaopanda, na maji ya chini yenye rutuba huinuka. Fitoplanktoni hunawiri, samaki hufuata.

Nyasi bahari usiagize. Ni mimea kamili yenye mizizi na maua, Kenya ina aina 12. Sehemu kubwa ya kaboni yake iko chini, kwenye mchanga na tope, si kwenye jani utakaloliona kwenye chupa. Ukiung'oa, mizizi iliyozoea tope lisilo na oksijeni inaoza ndani ya siku chache na unabaki na harufu ya mayai viza. Shamba la nyasi bahari likitobolewa, tope linachukuliwa na mawimbi na samaki aina ya tafi na kasa wanakosa malisho. Kama vijana wanataka mfano wa kaboni ya pwani, waandike kuhusu mikoko ya Gazi, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati za kaboni (malipo kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko) tangu miaka ya 2010.

Na Ulva pia isichukuliwe ndani ya hifadhi za KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) kama Kisite-Mpunguti au Watamu. Nje ya hapo, maji yakipwa wakati wa bamvua, anayechuma aongee kwanza na BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya hapo.

Mwl_Embakasi

Asanteni sana. Maji ya Mombasa yakiisha, naweza kukoroga yangu kwa chumvi ya mawe ya Gongoni?

Tangi_SouthB

Haitoshi. Chumvi ikiganda kwenye mabwawa ya kukaushia juani, inayovunwa ni karibu sodiamu kloridi tupu. Magnesiamu na potasiamu hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Kwa lita moja pima sodiamu kloridi gramu 24, magnesiamu kloridi ya fuwele zenye maji gramu 11, sodiamu salfeti 4, potasiamu kloridi 0.7, soda ya kuokea 0.2. Kalsiamu kloridi ya fuwele zenye maji, gramu 1.5, iyeyushe kando katika maji kidogo, uitie mwisho polepole ukikoroga. Ukiimwaga kavu juu ya vingine, yanafanya ukungu mweupe na hayarudi.

Maji yawe ya betri yasiyo na asidi, soma lebo vizuri. Ya bomba yakae wazi na pampu saa 24 klorini iondoke. Ya kisima usitumie, visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi. Acha mchanganyiko upige hewa usiku mmoja, kisha pima kwa haidromita (kifaa cha kupima uzito wa maji ya chumvi) ukitafuta 1.025. Ukipata 1.028 ongeza maji, ukipata 1.022 ongeza chumvi ya bahari ya kopo kutoka duka la samaki wa mapambo, si ile ya jikoni.