Rauta imekwama baada ya umeme kukatika katikati ya apdeti, naombeni msaada

mwana_kigamboni: Wakuu, heshima kwenu. Nina TP-Link TL-WR841N, ndiyo madogo wanasomea mtandaoni. Jana naiwekea programu mpya ya ndani, umeme ukakatika. Uliporudi, taa zinamulika zote kwa pamoja, zinazima, zinarudia. 192.168.0.1 haifunguki, waifai haionekani. Fundi anasema chipu ibadilishwe. Kweli?

bahari_shwari: Pole mkuu. Nunua nyingine tu.

mzee_wa_waya: Asinunue bado! Taa kurudia hivyo ni dalili njema: programu ndogo ya kuwashia iko hai, ila haikuti kitu kizima cha kuwasha. Soma lebo chini, ni Ver ngapi? Faili la toleo jingine litakuongezea msiba.

mwana_kigamboni: Ver 9.0.

mzee_wa_waya: Safi. Pakua faili la v9 kwenye tovuti ya TP-Link yenyewe. Jina lake likiwa na neno boot, kata kwanza kipande cha mwanzo, kwenye Linux ni hivi:

dd if=asili.bin of=wr841nv9_tp_recovery.bin skip=257 bs=512

Lisipokuwa nalo, libadili jina tu liwe wr841nv9_tp_recovery.bin, herufi kwa herufi. Liweke kwenye folda ya Tftpd64, programu ya kompyuta inayoigawia rauta faili. Kompyuta ipe anwani 192.168.0.66 na subnet mask 255.255.255.0, zima Windows Firewall (kinga ya mtandao ya Windows) na waifai yake. Waya chomeka tundu la LAN la njano, siyo la bluu. Zima rauta, shikilia kitufe cha reset, iwashe ukiwa bado umekishikilia mpaka taa ya WPS iwake, ndipo uachie. Rauta yenyewe italifuata faili. Likianza kuandikwa usiguse swichi ya umeme kabisa, na ukipata UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya kuazima, azima.

bahari_shwari: Mimi niliwahi kufuata njia hii, faili halikuchukuliwa hata kidogo.

mzee_wa_waya: Mara nyingi ni Windows kuchelewa kuitambua rauta inapowaka. Pitisha waya kwenye swichi ndogo ya mtandao katikati, kompyuta haitaona waya umekatika.

mwana_kigamboni: Mrejesho: imekubali! Moja kwa moja iligoma, nikaazima swichi kwa jirani, faili likaenda, ikajiwasha upya. Mzee wa waya, Mungu akubariki sana.

mzee_wa_waya: Amina. Sasa irudishe kompyuta ijipatie anwani yenyewe, washa Firewall. Rauta imerudi mipangilio ya kiwandani, ingia kwa admin na admin, badilisha nywila hiyo kabla madogo hawajaunganishwa.