Peugeot 504 ya marehemu mzee imegongwa, bima wanasema ni raitofu na wananipa nusu ya pesa

MtotoWaHajji_Jinja
Wakuu salaam aleikum na habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijasaini kitu nikajuta.

Nina Peugeot 504 saluni ya 1978, marehemu baba aliiacha, rangi nyeupe ya maziwa, dashibodi haijapasuka hata mstari mmoja. Siitumii kila siku, ni ya Jumapili na harusi za watu. Mwezi uliopita natoka Kampala nimefika karibu na Lugazi, mbele kukasimama, nami nikasimama, lori la miwa lililokuwa nyuma likashindwa kusimama. Mimi niko salama alhamdulilahi, shingo tu ilisumbua siku tatu. Lakini gari jamani. Nyinyi mnaozijua 504 mnajua buti yake ilivyo na ule mkunjo wa kushuka, sasa imekunjika mara ya pili mpaka inagusa siti ya nyuma, na miwa miwili iliingia kwa kioo ikabaki humo humo kama mtu kapakia mzigo.

Nina bima ya komprehensivu, ile kubwa inayolipa hata gari lako mwenyewe, nimelipia gari kwa thamani ya milioni 28 miaka minne mfululizo. Asesa wao, yule mkadiria hasara, amekuja, amepiga picha, amesema kutengeneza ni ghali kuliko gari lenyewe kwa hiyo ni raitofu. Sawa. Barua imekuja: bei ya soko milioni 13, toa eksesi (sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe) asilimia 10, na kama nataka kubaki na gari watoe tena milioni 5 za mabaki. Yaani nabaki na milioni 6.7 na chuma kilichokunjika. Nikauliza mbona nimelipia 28? Dada wa ofisini akaniambia "hiyo ni kikomo tu mzee wangu". Wamenipa vocha nisaini wiki hii. Nifanye nini?

Dereva_Nakawa
Pole sana kaka. Ndio maana mimi magari ya zamani naweka thadi pati peke yake, ile bima ya kufidia watu wengine, ile pesa ya komprehensivu natia sacco. Hawa watu kulipia unalipia kama mfalme, kulipwa unalipwa kama ombaomba. Mfuate mwenye lori, thadi pati yake ikulipe.

BrokaMstaafu
Dereva hapo mwisho unampoteza mwenzako. Thadi pati ya lazima ya hapa Uganda ni ya mwili wa mtu, kuumia na kufa, bati haimo. Hata huko kwa mwili kikomo chake cha kisheria ni kidogo mpaka aibu. Mwenye lori akiwa na komprehensivu yake hapo kuna mlango wa mali ya watu wengine, asipokuwa nayo unamshtaki yeye mwenyewe na mfuko wake.

Sasa kijana wa Hajji, nimefanya kazi za klemu miaka mingi, nisikilize. Yule dada hakukudanganya, ila hakukumalizia. Ile milioni 28 kwenye bima ya kawaida ni dari, kampuni haitalipa zaidi ya hapo, lakini haijaahidi kulipa hapo. Inalipa bei ya soko ya siku gari lilipoharibika. Kuna aina nyingine, bima ya thamani ya makubaliano, nyinyi na kampuni mnakubaliana mwanzoni gari ni milioni 28 na likiisha kabisa ni 28, hakuna kubishana. Magari ya kale ndiyo bima yao hiyo. Lakini haiji yenyewe, lazima uiombe na iandikwe kwenye polisi yako, yaani mkataba wa bima, mara nyingi ni karatasi moja tu ya nyongeza mwishoni. Kwa hiyo kwanza kabisa toa polisi yako, sio stika, sio risiti, ile yenye kurasa nyingi ambayo hakuna mtu husoma, tafuta sehemu ya uharibifu wa gari uniandikie hapa maneno yaliyomo.

Pili, VOCHA USISAINI. Ile ikisema umepokea malipo yote na huna dai lingine, ukishaweka kalamu hata mimi siwezi kukusaidia.

MamaLandrova_Arua
Pole mwanangu, na Mungu amrehemu Hajji. Mimi nina Land Rover ya siriz 3 na yangu ilikuwa kinyume cha yako. Niliandikisha milioni 10 ili nilipe kidogo, najua kabisa gari ni 20, nikajiona mjanja. Waya zikashika moto chini ya boneti, fundi akasema milioni 6. Nikadhani 6 iko ndani ya 10 basi nitalipwa 6. Wakasema mama, wewe uliweka bima nusu ya gari, nusu nyingine ulijiwekea mwenyewe, kwa hiyo tunalipa nusu, milioni 3, na eksesi bado inatoka humo. Nililia na moshi bado unanuka kwenye gauni.

Kwa hiyo andika bei ya kweli, ukishusha watakukata, ukipandisha bila karatasi ndio haya yako.

Swali langu: wakati unaanza bima kuna mtu alikagua gari?

MtotoWaHajji_Jinja
Asante mama, asante mzee Broka. Nimetoa polisi leo, ilikuwa kwenye kabati chini ya vyombo vya Idd. Imeandikwa wazi, "bei ya soko wakati wa hasara". Hakuna nyongeza ya makubaliano. Kosa langu, sikuwahi kusoma.

Ila mama umenikumbusha. Ndio, walinituma kwa mthamini WAO pale Kampala, na mwaka huu Januari walinirudisha tena kabla ya kurenyu. Ripoti ninayo, kurasa nne na picha, imeandikwa hali nzuri sana, injini ya asili, milioni 28.

BrokaMstaafu
Eeeh! Sasa hiyo ungeanza nayo. Mthamini waliyemchagua wao amesema Januari soko ni 28, asesa wao mwaka huo huo anasema 13. Kati ya hapo na ajali soko lilianguka lini? Waandikie barua, usipige simu, omba ripoti nzima ya asesa na uulize 13 imetoka wapi. Nakuhakikishia kachukua mwaka 1978 akapunguza uchakavu kama anavyofanya kwa Premio. Gari la kale halishuki hivyo.

Na soko wanaloliangalia liwe la hapa. Tangu sheria ya 2018 gari la miaka 15 au zaidi haliingii nchini, kwa hiyo huwezi kuagiza 504 nyingine, zilizopo ndizo hizo. Tafuta wanaouza, hata Busia na Mbale, piga picha za matangazo yenye bei na tarehe, tatu zinatosha.

Halafu angalia hesabu yao yenyewe. Mabaki milioni 5 lakini gari nzima 13? Chuma kilichokunjika kina thamani hiyo kwa sababu spea zake watu wanazitafuta. Waambie wachague, kama gari ni la 13 basi mabaki hayawezi kuwa 5.

FundiKatwe
Mzee kasema kweli. 504 nyingi za hapa na Kenya ni pikapu na stesheni wageni, mbele zinaingiliana na saluni lakini nyuma hapana, pikapu ina ekseli nzima, saluni kama ya Hajji kila gurudumu la nyuma linacheza lenyewe. Mikono ile ya nyuma inayoshika magurudumu, Kisekka kwenye soko la spea utazunguka siku nzima. Usiwaachie gari kwenye yadi yao, vitu vinaota miguu. Piga picha kabureta, taa, namba ya chesisi na namba ya injini.

Dereva_Nakawa
Na wakikataa?

BrokaMstaafu
Anaomba jibu la kukataa kwa maandishi, anapeleka kwa mamlaka ya bima, IRA, wana dawati la malalamiko na halilipishwi. Mara nyingi ukishataja kunakili barua kwao, simu inapigwa siku hiyo hiyo. Abebe na ripoti ya polisi na ya mkaguzi wa magari. Na eksesi anaweza kumdai mwenye lori.

MtotoWaHajji_Jinja
Mrejesho wakuu. Barua nilipeleka Jumatatu, kopi imegongwa muhuri wa kupokelewa, matangazo mawili nimepata, moja Mbale milioni 24 na haina hata siti za asili. Jana wamepiga, vocha ya kwanza nisiijali, wanatuma asesa mwingine Alhamisi na wamekubali aikute ripoti ya Januari mezani. Gari nimeivuta kutoka yadi kwa ruhusa yao, iko nyumbani chini ya mwembe. Miwa watoto wameshakula.

FundiKatwe naomba uje Alhamisi uwepo, nitakulipa nauli.