Sensa ya DPF (filta ya kushika masizi ya moshi) inasoma presha na injini imezimwa, ninunue nyingine?

Wadau naomba msaada. Niko na Mazda CX-5 ya dizeli hapa Nakuru, taa ya DPF imewaka na gari imekuwa nzito, mlima kidogo tu inalia. Fundi akapachika skana ikatoa namba ya hitilafu P2453 (ya sensa ya presha ya DPF), akasema filta imeziba tuifungue tutoboe ndani tumalize hiyo maneno. Mi sijaridhika juu nilichungulia skana nikaona ufunguo uko on, injini haijawashwa, na presha inasoma 3 kPa. Hiyo ni sawa kweli?

Dizeli_Kisumu: Si sawa mkuu. Injini imezimwa, hakuna moshi unapita, hiyo presha inatoka wapi? Inafaa iwe sifuri ama karibu na hapo. Ngoja gari ipoe, chomoa zile paipu mbili za raba kwa sensa usome tena. Ikibaki 3, sensa ama waya ndio shida, filta inasingiziwa tu.

MtuWaKondele: Mi nilitoboa yangu kitambo na natembea poa tu

Dizeli_Kisumu: Na huo moshi mweusi unatuachia nyuma je 😂 Usimpoteze mwenzako.

Mwenye uzi: Nimechomoa, bado 2.9.

Dizeli_Kisumu: Basi kabla ya kununua chukua multimita. Waya ni tatu, moja volti 5, moja eathi, moja ya signo, na hiyo ya signo kwa sensa nyingi injini ikiwa off hukaa kama nusu volti hadi moja. Volti 5 na eathi zikiwa safi na signo iko juu, sensa imeenda. Ukiweka mpya mwambie mwenye skana airesete, la sivyo kompyuta inaweza kushikilia hesabu za zamani. Na hizo paipu zikunje kwa vidole uangalie nyufa, ile ya kabla ya filta ikipasuka sensa inasoma chini, gari inadhani filta ni safi kumbe inajaa.

Mama_Boi_Bahati: Kaka chomoa pia dipstiki, ile ya kupima oili. Hizo Mazda zikijaribu kuchoma masizi kila saa na safari ni za hapa Section 58 na tao tu, dizeli huteremka kwa oili. Kuna alama ya X juu ya ful, ikifika hapo usiipeleke hata Gilgil, mwaga oili kwanza.

Mwenye uzi: Aki iko kwa X kabisa. Oili gani sasa?

Mama_Boi_Bahati: Ya majivu kidogo, tafuta alama ya C3 kwa mkebe, ni daraja ya oili ya gari zenye DPF. Sensa ifuate.