Ameanika soksi kwenye uta wa marehemu babu yangu, na nyote mnamjua

Mjukuu wa Mwingi

Ndugu wanajamvi, naandika haya nikiwa ndani ya matatu, uta wa marehemu babu yangu umelala magotini mwangu na magotini mwa abiria wawili ambao sijawahi kuwaona maishani, na makanga ameniuliza mara mbili kama ninakoenda kuna vita. Nimemjibu kwamba vita ndiko ninakotoka. Natoka klabu ya kulenga mishale, ambako leo ilikuwa siku yangu ya kwanza ya uanachama. Klabu yenyewe sitaitaja, na aliyenitenda sitamtaja pia, kwa kuwa hana haja ya kutajwa: ni yule bwana wa filimbi na kofia ya kaki, anayetanguliza maneno "kwa usalama wenu" hata anapoomba kupitishiwa chumvi. Mnamjua. Asiyemjua hajawahi kushika mshale Nairobi hii.

Alianika soksi kwenye uta wa babu.

Nitajitahidi kueleza kwa utaratibu, ijapokuwa mikono bado inatetemeka. Tangu mwaka 2016, nilipomwona Shehzana Anwar akibeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio kwa ajili ya mchezo huu huu, nilijiapiza kwamba siku moja nami nitasimama mstarini. Imenichukua miaka yote hiyo kupata nauli, ada na ujasiri. Nilijisomea kila kitu. Nilijua kwamba shabaha ya Olimpiki huwekwa umbali wa mita 70, kwamba ina upana wa sentimita 122, na kwamba duara la pointi 10 lina sentimita 12.2 tu, yaani ukilitazama kutoka mstarini ni kama kitumbua kilichosahauliwa upande wa pili wa uwanja wa mpira. Nilijiandaa kwa kitumbua hicho. Kwa heshima ya siku yenyewe nikashusha darini uta wa babu, ambao aliutumia kufukuza nyani shambani Mwingi hadi macho yalipomwishia nguvu, nikaufunga upote wake, yaani kamba ya kuvutia, wa kano za ng'ombe na kuupaka mafuta ukang'aa kama kipara cha mchungaji.

Nilipofika, yule bwana aliutazama uta jinsi daktari anavyotazama kidonda, akasema kwamba kwa usalama wetu sote hautapigwa hapo, akaulaza juu ya viti viwili. Kisha akanipa upinde wa watoto, mwekundu, unaovutwa kwa nguvu ya pauni 16, wenye picha ya katuni ya sungura kwenye mpini, akanisimamisha mita 10 kutoka kwenye shabaha, katikati ya msichana wa miaka tisa na mvulana aliyekuwa hajaota meno ya mbele. Hayo yote nilivumilia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikufikisha saa ya tatu ya siku ya kwanza kabla sijapewa fyekeo, eti mshale wangu umepotelea nyasini na anayepoteza ndiye anayefyeka. Nilifyeka, tena nikiwa na shati jeupe.

Sasa sikilizeni. Filimbi tatu zililia, ishara ya kwenda kuchomoa mishale, nasi tukaenda. Nilipogeuka kurudi mstarini niliuona uta wa babu kwa mbali, juu ya vile viti viwili, nikadhani ndege wametua juu yake. Nikasogea. Hawakuwa ndege. Zilikuwa soksi za kijivu, zenye mstari wa manjano penye kifundo cha mguu, mbichi kwa umande, zikidondosha maji juu ya upote wa kano za ng'ombe, na kila anayeelewa mambo anajua kwamba kano ikinywa maji hulegea. Mwenye soksi alikuwa ameketi kando, vidole vya miguu juani, akinywa chai. Nikamwuliza, "Bwana, hizi ni nini?" Akanijibu kwa utulivu ambao sitausamehe, "Kwa usalama wenu, nisingeweza kutembea na soksi mbichi."

Wanajamvi, soksi. Kwenye uta uliowahi kumlisha baba yangu.

Israel Madaye wa Chad alipata pointi 1 kwa mshale mmoja mbele ya macho ya dunia nzima kwenye Olimpiki ya Paris 2024, tena akishindana na Kim Woo-jin wa Korea Kusini, ambaye baadaye alitwaa dhahabu, na watu wakampenda. Hakuna aliyemwanikia nguo. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo nilivyofundishwa; mimi nimekuja, na mwenyeji amepona kweli, miguu yake imekauka.

Shangazi wa Kibwezi

Pole sana, mwanangu. Nimesoma habari hii nikiwa dukani na nimelazimika kuketi juu ya gunia. Naomba ufafanuzi wa jambo moja tu: hizo soksi zilikuwa zinanuka?

Mjukuu wa Mwingi

Shangazi, shikamoo. Zilinuka kiasi kwamba babu, huko aliko, amegeukia ukutani.

Podo Tupu

Mimi nilikuwapo leo asubuhi, njia ya nne kutoka kushoto, na kwa kuwa mwenye uzi ameahidi kueleza kwa utaratibu, naona ni vema nimsaidie pale alipopunguza. Kwanza, soksi ilikuwa moja. Pili, hakusema kwamba kabla ya kupokonywa uta huo aliuvuta mbele ya watu wote bila mshale, akauachia mtupu, ukalia kama mlango wa kaburi, jambo ambalo kila klabu duniani hukataza siku ya kwanza, kwa sababu nguvu iliyopaswa kuondoka na mshale hurudi kwenye miti ya upinde na inaweza kuupasua usoni mwako. Mti uliokaukia darini kwa miaka mingi ndio hupasuka upesi zaidi. Yule bwana wa kofia namjua, ana maneno mengi na chai yake haina sukari, lakini katika hilo alikuokoa jicho. Tatu, kati ya mishale sita aliyopiga, mitano ililala nyasini na wa sita ukachoma shabaha ya msichana wa miaka tisa, ambaye alimshukuru kwa kumwongezea pointi.

Mjukuu wa Mwingi

Soksi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa upande wa pili wa upote, hukuiona kwa sababu ulikuwa unacheka. Na kulikuwa na upepo.

Bwana Kigagula

Upepo, mita 10, mshale ukahamia shabaha ya jirani. Ndugu yangu, Kim Woo-jin alimshinda Brady Ellison wa Marekani kwenye mshale wa mwisho wa fainali ya Paris kwa tofauti ya milimita 4.9. Wewe umekosa kwa tofauti ya familia nzima. Laiti ningekuwa bwana huyo ningeanika hata shuka.

Mkono wa Kushoto

Samahani kwa kuingilia, lakini wenzetu mna bahati ya kuwa na upinde wa kuanikia soksi. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Nilipojiunga walinipima jicho kwa kunitaka ninyooshe mikono, niunde tundu la pembetatu kwa viganja na kulenga mlango wa ofisi, kisha nifumbe jicho moja moja nione ni lipi linaloshikilia mlango mahali pake, wakathibitisha kwa shangwe kwamba jicho langu linalotawala ni la kushoto pia, wakaandika kwenye daftari, wakanikabidhi upinde wa mkono wa kulia. Klabu ina upinde mmoja tu wa kushoto, nao huwa mikononi mwa binti wa katibu, ambaye nimemchunguza wiki tatu mfululizo akila, akiandika na kupunga mkono, na ninaapa mbele yenu kwamba ni wa mkono wa kulia. Mkono wangu una alama ya bluu kuanzia kiwiko hadi kifundo kwa kuchapwa na upote. Mume wangu aliulizwa kanisani kama nyumbani kuna amani.

Shangazi wa Kibwezi

Uvae kinga ya mkono, mwanangu, na kiwiko ukizungushe kielekee nje badala ya kukiangaliza chini. Huyo binti wa katibu namjua mama yake.

Mpemba wa Leicester

Huku Uingereza nilikojiunga na klabu, hakuna anayekugusa upinde wako, lakini hakuna pia anayekuruhusu kuushika kabla hujamaliza mafunzo ya wanaoanza, na mimi mafunzo yangu ya wiki sita yalinyeshewa wiki tano. Mshale ukipotea nyasini, wote husimama, mzee mmoja huleta mashine ya kutafutia chuma ardhini, na tunatembea nyuma yake polepole kama watu wanaosindikiza jeneza. Mara ya mwisho tulipata sarafu mbili, kijiko na mshale usio wetu. Fyekeo lingetufaa sana. Mleta uzi, ungetupa hata hizo soksi, maana huku zangu hazijakauka tangu Machi.

Mjukuu wa Mwingi

Nawashukuru kwa mchango, lakini naomba turejee kwenye hoja. Hoja ni soksi. Zilidondosha maji. Nimeuchunguza upote hapa garini na umelegea upande wa juu, na abiria wa kulia kwangu, ambaye ni fundi wa ngoma, amethibitisha.

Mtu wa Karatu

Sisi tunaoishi jirani na Ziwa Eyasi tunashangaa sana mnapolipa ada ili mfundishwe upinde. Wahadzabe huku hupata pinde zao wakiwa watoto wadogo, na sijasikia filimbi hata moja. Malalamiko yangu ni kwa wageni wanaokuja kupiga picha, wakapewa upinde wa mtu mzima, wakashindwa kuuvuta hata shibiri moja, kisha wakasema umeharibika.

Mwana wa Malindi

Uta, ndugu, wala si upinde. Upinde ni wa mvua. Silaha ni uta, na wingi wake ni mata, kama tunavyosema mata na mishale. Waliangulu wa huku kwetu walikuwa na mata ya kuwindia ndovu yaliyohitaji nguvu ya zaidi ya pauni 100 kuyavuta, na hakuna mzee aliyewahi kuyaita pinde. Mwenye uzi ameandika uta kwa babu yake na upinde kwa ule wa sungura, akachanganya maneno mawili ndani ya aya moja.

Mtu wa Karatu

Kaka, Tanzania nzima tunasema upinde na mishale, na shuleni tulifundishwa hivyo. Hiyo mata yako ukiisema sokoni Arusha utauliziwa kama umetema.

Mjukuu wa Mwingi

Sikuchanganya, Bwana Malindi, nilitofautisha kwa makusudi. Uta ni ule wa mti mmoja, uliochongwa, wenye upote wa kano. Upinde nimeutumia kwa vile vya kisasa vinavyofunguliwa vipande vitatu na kuwekwa ndani ya mkoba kama filimbi za bendi, maana kitu chenye katuni ya sungura hakiwezi kuitwa uta. Na kuhusu wingi, wapo wanaosema nyuta, na sioni kwa nini umewaacha nje.

Mwana wa Malindi

Nyuta nimeisikia, lakini siipendi.

Podo Tupu

Kupenda kumeingiaje katika ngeli?

Bwana Kigagula

Na ule wa kapi, wenye vigurudumu kwenye ncha na nyaya tatu, tuuite nini? Kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028 nao utaingia kwa timu za mchanganyiko wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mkubaliane mapema, watangazaji wasije wakatuaibisha.

Mtu wa Karatu

Upinde wa kapi. Umeshautaja mwenyewe.

Mwana wa Malindi

Uta wa kapi.

Mjukuu wa Mwingi

Hapa nakubaliana na Karatu, kwa shingo upande. Kifaa kinachokusaidia kubeba uzito wakati umeshakivuta hakistahili jina la babu.

Shangazi wa Kibwezi

Mjukuu, umefika nyumbani? Na Jumamosi unarudi, au ndiyo basi?

Mjukuu wa Mwingi

Nimefika, Shangazi, na uta umerudi darini. Nimekwisha lipa ada ya miezi mitatu na hairudishwi, niliuliza. Nitakuwa pale saa mbili.

Mkono wa Kushoto

Ukifika kabla yangu, tafadhali nishikie ule wa kushoto. Uko kwenye kabati la pili, nyuma ya makoti ya mvua. Ukimwona binti wa katibu anakaribia, mwulize habari za mtihani.