Nani ameshaagiza gitaa nje kwa mtandao likafika zima? Naomba uzoefu wenu

Mpigasolo_Moro

Habari za muda huu wakuu. Niko Morogoro, napiga solo kwenye kwaya ya vijana kanisani na sherehe ndogondogo huku mtaani. Gitaa tunalotumia ni la kanisa na limechoka kabisa, unalityuni kabla ya ibada, ikifika sadaka nyuzi zimeshashuka na waimbaji wanageuka kukutazama. Sasa nimejichanga nina kama milioni moja na nusu, nataka gitaa la umeme langu mwenyewe.

Kariakoo nimezunguka. Magitaa yapo mengi ila mengi ni majina ambayo hata mtandaoni huyaoni, na yale ya majina yanayojulikana bei imekaa juu halafu muuzaji hataki uchomeke kwenye ampu usikie, anakwambia ukinunua ndo utasikia nyumbani. Mtandaoni naona duka la Thomann la Ujerumani wana yale magitaa ya Harley Benton bei inavutia, kwenye soko la Reverb kuna watu wanauza yaliyotumika, na kuna jamaa Insta anauza Gibson Les Paul anasema orijino, laki nane tu.

Naomba aliyewahi kuagiza aseme ukweli, lilifika zima? Mpaka mlangoni ilikugharimu nini na nini? Na huyo wa Insta mnamuonaje? Natanguliza shukrani.

Besi_Kinondoni

Karibu sana mkuu. Mimi besi ninayopigia nilitoa hukohuko Ujerumani kwa Thomann, ilifika nzima na mpaka leo inafanya kazi, kwahiyo inawezekana kabisa, ila bei unayoiona kwenye saiti sio utakayolipa na hapo ndo wengi wanaumia, ngoja nikufafanulie.

Kwanza ukiingia saiti yao badilisha nchi uweke Tanzania. Ukiangalia ukiwa umeweka Ujerumani bei ina VAT yao ya asilimia 19 ndani, sisi tuko nje ya Umoja wa Ulaya hiyo inatolewa, kwahiyo gitaa la yuro 238 linakuwa yuro 200. Watu wengi hawalijui hili wanapiga hesabu na bei ya juu wanakata tamaa mapema.

Halafu usafiri. Gitaa ni jepesi ila boksi lake ni kubwa, na mizigo ya ndege inachajiwa kwa ukubwa kama ukubwa umezidi uzito. Unachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita unagawa kwa 5000. Boksi la sentimita 115 kwa 45 kwa 15 linakupa kilo 15 na nusu, wakati ukiliweka kwenye mizani ni kilo tano au sita tu. Hizo kilo 15 ndo unalipia. Kwahiyo usishtuke usafiri ukikaribia nusu ya bei ya gitaa lenyewe.

Ushuru nao haupigwi kwenye bei ya gitaa peke yake, wanachukua bei ya gitaa jumlisha usafiri na bima, hapo wanaweka ushuru wa forodha, alafu VAT yetu ya asilimia 18 inakaa juu ya vyote hivyo pamoja na huo ushuru. Kuna na vitozo vidogovidogo na pesa ya wale wanaokutolea mzigo. Mimi walinipigia wakaomba namba ya TIN, uwe nayo tayari maana mzigo ukikaa ghalani wanaanza kukuhesabia pesa ya kuutunza. Ila mkuu usikubali yeyote akwambie andikeni thamani ndogo kwenye invoisi. Likipotea au likivunjika, bima inakulipa kile kilichoandikwa.

Kwa hela yako, gitaa lisizidi yuro 200 bila VAT. Hapo unapumua.

Mkude wa Gerezani

Mimi siwezi kununua gitaa sijalishika. Shingo nene kwa mwenzio kwako inaweza kuwa nyembamba, hata magitaa mawili ya aina moja kutoka kiwanda kimoja hayalii sawa. Kariakoo nenda asubuhi mapema na ampu yako ndogo ya betri begani, muuzaji akikukatalia kuchomeka hamia duka la pili. Maduka ni mengi hakuna sababu ya kubembelezana.

FundiNyuzi_Tanga

Mkude hapo juu kasema kweli, ila Morogoro kwenda Kariakoo kila wiki nako ni gharama, na kwa hela hiyohiyo Harley Benton ya saiti inaweza kuwa bora kuliko lile lisilo na jina la dukani. Mimi natengeneza magitaa huku Tanga, yanayotoka nje kwa oda yanapita sana mkononi mwangu kwahiyo naongea ninachokiona mezani.

Nianze na huyo wa Insta. Mdogo wangu laki nane kwa Gibson Les Paul usipeleke hela hata ya kushikilia. Les Paul Standard mpya ya Marekani dukani kwao inazidi dola 2,000, hiyo tofauti nani anakulipia? Muombe picha ya kichwa cha gitaa kwa mbele, karibu kabisa, utaona kile kifuniko cheusi kidogo kinachofunika chuma cha kunyooshea shingo. Gibson halisi kinashikwa na skrubu mbili. Feki nyingi nilizozifungua zina tatu. Geuza nyuma ya kichwa, namba ya utambulisho (serial) na maneno MADE IN USA kwenye Gibson ya Marekani yanagongwa yakazama ndani ya mbao, ukipitisha kucha unayasikia, kwenye feki mara nyingi ni wino tu umepakwa. Kuna kijana aliniletea moja nikafungua kifuniko cha nyuma nikakuta waya wembamba kama wa redio ya mkulima, pikapu (zile sumaku za kunasa sauti ya nyuzi) hazina hata alama. Alikuwa ameuza pikipiki ili ainunue. Muuzaji alimblock siku ileile alipolalamika. Roho iliniuma sana.

La pili ni kuvunjika. Hizi za muundo wa Les Paul kichwa kimelala nyuma kwa pembe, nyuzi zinakivuta muda wote, boksi likianguka kifudifudi panapasuka pale pembamba nyuma ya nati, kile kipande nyuzi zinapopita kuingia kichwani. Muundo wa Stratocaster na Telecaster wa Fender kichwa kimenyooka na shingo imefungwa kwa skrubu nne, hata ikiharibika unafungua unaweka nyingine. Kama ni gitaa la kwanza kuagiza chukua muundo huo, safari inaumudu vizuri zaidi. Muandikie muuzaji alegeze nyuzi kidogo kabla ya kufunga, sio kuzitoa zote, kuzilegeza tu, na nafasi ya chini na juu ya kichwa ijazwe kitu kisicheze.

Tatu, likifika usilivamie. Limetoka kwenye ndege yenye baridi na ghala kavu linakuja kwenye joto na unyevu wetu, liache ndani ya boksi mpaka kesho yake ndo ufungue. Shingo itakuwa imehama kidogo, nyuzi zitakaa juu au zitakwaruza, hiyo sio kasoro ya kiwanda, ni kulifanyia setapu tu, yaani kurekebisha shingo na kimo cha nyuzi. Watu wanaandika saitini nyota moja gitaa bovu kumbe linahitaji robo mzunguko wa ufunguo wa alen.

Wanjala_Kinanda

Salamu kutoka Nairobi. Mimi si mtu wa gitaa, napiga kinanda na nafanya saundi, lakini nimesoma hapa nikaona niongeze kitu.

Nilinunua maiki za Shure SM58 kwa duka flani la mtandaoni, sitalitaja, picha ilikuwa safi na boksi lilikuja na stika zote. Kuongea tu nikasikia sauti imefinyika, na ukiishika mkononi unasikia nyepesi. SM58 halisi ina gramu 298 bila kebo. Nikaiweka kwa mizani ya jikoni, ikasoma chini ya hapo kwa mbali sana. Nikafungua ile sehemu ya juu nikapiga picha ndani, nikapiga picha mizani ikiwa na maiki juu yake, nikawatumia. Walikaa kimya. Lakini nilikuwa nimelipa kwa kadi, nikaenda kwa benki na hizo picha nikaandika malalamiko, pesa ikarudi baada ya kusubiri sana. Rafiki yangu alinunua kwa walewale akalipa kwa kutuma pesa kwa namba ya simu ya mtu, yeye hakupata kitu hadi leo.

Kwa hivyo ndugu, lipa na kadi, kama huna ya benki hata ile ya Visa inayotoka kwa M-Pesa inalipa saiti za nje. Na kwa Reverb malizia kila kitu ndani ya Reverb yenyewe. Muuzaji akikuambia mtoke mkaongee WhatsApp akupunguzie bei, huyo achana na yeye, ukitoka nje hiyo ulinzi yao haikuhusu tena.

Dada_Neema_Ohio

Jamani nimefurahi kuona mjadala huu. Mimi niko Columbus, kwaya yetu ya Waswahili hapa tumenunua vyombo vingi kwa Sweetwater, wako Fort Wayne jimbo la Indiana sio mbali na sisi. Kitu ninachowapendea, magitaa yao mengi wanapiga picha lile lile utakalotumiwa, na namba yake na uzito wake, kwahiyo unaona hata mistari ya mbao kabla hujalipa. Ukishanunua mtu anakupigia simu kuuliza kama umeridhika. Mwanzoni nilidhani ni matapeli wanataka namba ya kadi kumbe ndo utaratibu wao.

Mdogo wangu kama una ndugu huku anayekuja likizo hiyo ni njia nzuri kuliko zote. Sheria ya Marekani inayataka mashirika ya ndege ya huku yakuruhusu uingie na gitaa ndani ya ndege kama nafasi ya kuweka ipo wakati unapanda, sheria ya 2012 na kanuni zake zilianza kutumika 2015. Ila ukibadilisha ndege kwenda shirika la nchi nyingine waulize mapema, hao wana taratibu zao. Forodha mkifika Dar litangazwe tu mlipe kinachotakiwa.

Naomba mnisikilize sana kwenye hili. Gitaa lenyewe sawa, lakini AMPU na vinanda vya huku msibebe hivihivi. Umeme wa Marekani ni volti 120, huko nyumbani 230. Tulipeleka ampu kanisa moja Mbeya kama zawadi kutoka kwetu, fundi wa pale akabadilisha plagi tu akachomeka, ikatoa moshi ibada haijaanza. Watu walikuwa wamekaa wanasubiri kuisikia. Angalia nyuma ya chombo au kwenye adapta yake, kama imeandikwa 100–240V hiyo haina shida popote, kama imeandikwa 120V peke yake nunua transfoma ya kushusha umeme au usinunue kabisa.

Mpigasolo_Moro

Aisee mbarikiwe wote. Huyo wa Insta nimemuomba picha ya kichwa kwa mbele kama fundi alivyosema, amesema simu yake haina kamera nzuri wakati tangazo lake lina picha kumi safi kabisa. Nimemuacha.

Nimeangalia Thomann zile Harley Benton za muundo wa Strat, naelekea huko. Fundi swali moja, mtu hapa kanisani ananitisha eti gitaa lenye mbao ya rosewood linakamatwa forodhani kwa sababu ni mti uliokatazwa dunia nzima, ni kweli? Na vya kuagiza pamoja ni vipi maana usafiri ni huohuo?

FundiNyuzi_Tanga

Alichosikia kilikuwepo. Januari 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliingiza jamii nzima ya Dalbergia, ndo miti ya rosewood, kwenye orodha, na mpingo wetu ukiwemo, ikawa gitaa lenye rosewood kuvuka mpaka kibiashara linahitaji vibali. Maduka yalihangaika na viwanda vingi vikahamia mbao nyingine. Mwishoni mwa Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa kwenye sharti hilo. Iliyobaki na ukali wote ni rosewood ya Brazil ambayo imezuiwa tangu 1992, hiyo utaikuta kwenye magitaa ya zamani ya bei kubwa, kwahiyo kwa Reverb ukiona maelezo yanataja Brazilian rosewood ruka. Hiyo unayoitaka wewe wala usiwe na wasiwasi.

Vya kuweka humohumo kwenye boksi, chukua nyuzi seti kadhaa, unene wa namba 10 unatosha kwa solo. Morogoro mna unafuu kuliko sisi wa pwani, huku chumvi inazila nyuzi mpaka unaziona zimekuwa kahawia. Chukua na kebo moja nzuri na tyuna ya kubana kwenye kichwa cha gitaa. Ampu usiweke, ni nzito na itakupandishia kila kitu, hiyo katafute Dar uijaribu kwa masikio yako na gitaa lako mkononi.

Besi_Kinondoni

Naongezea hapo. Siku likifika usisaini kabla hujalizungusha boksi pembe zote. Langu lilikuwa limetobolewa kona moja, nikamwambia dereva asubiri, nikarekodi video kuanzia stika ya nje mpaka nalitoa, ndani lilikuwa salama ila nilimwandikisha kwenye karatasi yake kwamba boksi lilikuja na tundu ndo nikasaini. Thomann wanakupa siku 30 za kurudisha na waranti ya miaka mitatu, ila kulirudisha Ujerumani nauli inaweza kula gitaa zima, kwahiyo ikitokea kasoro ndogo waandikie kwanza na picha, uliza kama watakutumia kifaa kilichoharibika umpe fundi aweke. Na namba ya simu kwenye oda iwe ile unayopokea muda wote.