Nimfariji vipi mwenzetu aliyefiwa?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Dada mmoja katika kikundi chetu cha maombi amefiwa na mumewe, na kila mstari ninaomsomea naona unamzidishia machozi. Nianzie wapi?

Jibu la 1: Poleni sana. Anza na Zaburi ya 88, ambayo huishia gizani, ili ajue kwamba hata kilio chake ni sala. Kisha, atakapokuwa tayari, msomee Maombolezo 3:22-23, maneno ya tumaini yaliyotokana na maangamizi ya Yerusalemu, wala si na siku za raha.

Jibu la 2: Naongeza kwamba rafiki za Ayubu waliketi naye siku 7 bila kusema neno, na kwa maoni yangu hapo ndipo walipomfaa kuliko katika hotuba zao zote zilizofuata.

Aliyeuliza: Amina. Kesho nitakwenda na Zaburi hiyo, wala sitaharakisha maelezo.